Kilichompa Ushindi Stackhouse Ni Ijumaa, Si Miguu Yake

Seneta Cory Booker wa New Jersey alisimama ukumbini saa 1 usiku wa Machi 31, 2025, na hakuketi mpaka saa 2 na dakika 5 usiku wa siku iliyofuata. Mashabiki wa tamthilia ya The West Wing hatukukawia kumkumbuka mzee wetu, Seneta Howard Stackhouse wa Minnesota, aliyesimama namna hiyohiyo katika sehemu ya 17 ya msimu wa pili, iliyorushwa na NBC Machi 14, 2001. Miezi saba baadaye serikali ya Marekani ikiwa imefungwa kwa kukosa bajeti, Rais Trump akawataka Warepublican waifute kabisa filibasta, yaani mbinu ya seneta kuzuia kura kwa kuongea bila kikomo. Hapo likaibuka tena jibu ambalo huibuka kila Seneti inapokwama: isifutwe, irudishwe ile ya zamani, ya mtu kusimama na kuongea mpaka miguu ikatae. Hoja hiyo ina mvuto, na sehemu ile ya mwaka 2001 ina mchango mkubwa katika mvuto huo. Tatizo ni kwamba wengi tumeitazama sehemu ile tukamwona mzee na miguu yake, na hatukuona kilichompa nguvu. Stackhouse alishinda kwa sababu ilikuwa Ijumaa usiku na watu walitaka kwenda makwao. Ukiliona hilo, wazo la kurudisha filibasta ya kusimama linaanza kupwaya.

Kwa aliyezoea kusikiliza Bunge la Dodoma, jambo lenyewe ni geni. Pale Dodoma mchangiaji ana dakika zake, kengele ya kwanza inamwonya, ya pili inamketisha, naye anamalizia mbio mbio kwa kuunga mkono hoja. Katika Seneti ya Marekani hakuna kengele. Kiongozi wa kikao akishamtambua seneta, sauti ni yake mpaka aiachie mwenyewe, na hakuna hoja ya kawaida ya kumkatisha ili kura ipigwe. Hili halikuandikwa katika Katiba. Lilitokana na usafishaji wa kanuni mwaka 1806, ambapo kifungu kilichoweza kutumika kufunga mjadala kiliachwa nje kwa kuonekana hakina kazi. Filibasta ni kulitumia pengo hilo: unaongea, au unatishia kuongea, ili kura isifike.

Katika tamthilia, Ikulu ina muswada wa afya ya familia, wa mabilioni ya dola, ambao kila mtu anataka upite usiku huo. Stackhouse, mwenye miaka 78, alitaka ziongezwe fedha za usonji, akapuuzwa. Basi anasimama na kuanza kusoma: mapishi, kanuni za michezo ya karata, Charles Dickens. C.J., msemaji wa Ikulu, amekwama, ana ndege ya kuwahi kwenda Napa, baba yake anatimiza miaka 70. Wenzake nao wamekwama. Wanamcheka mzee, wanamkasirikia, mpaka Donna, mfanyakazi wa Ikulu, anapogundua kwamba mjukuu mmoja wa mzee huyo ana usonji. Hapo hasira inageuka kuwa aibu, na Ikulu inaanza kutafuta namna ya kumpumzisha bila kumnyang'anya sauti. Kanuni inamruhusu seneta kumpa mwenzake nafasi ya kuuliza swali bila kupoteza zamu yake, kwa hiyo Ikulu ya Rais Bartlet inawapigia simu maseneta ambao nao ni mababu. Wanaingia ukumbini mmoja mmoja kuuliza maswali marefu, na Stackhouse anapata kuketi na kunywa maji.

Ni tukio zuri sana, na lina kosa pale panapopendwa zaidi. Njia ya swali ni ya kweli. Inafanana kidogo na mbunge wetu anapoomba kutoa taarifa, na mchangiaji akaulizwa kama anaipokea. Lakini katika Seneti halisi swali halikupi ruhusa ya kuketi. Mwenye sauti anabaki wima swali likiulizwa, hata likichukua nusu saa. Booker aliombwa maswali na wenzake mara nyingi, na kila mara alijibu kwa maneno yaleyale, akiyasoma kwenye karatasi ili asikosee: anapisha kwa ajili ya swali, huku sauti ikibaki yake. Karatasi hiyo haikuwa pambo. Akisema tu kwamba anapisha, bila kipande cha pili, zamu imekwisha. Kiti chake kilikuwa kimeondolewa, asije akajisahau akakalia. Hakwenda msalani kwa saa zote 25. Alikuwa ameacha kula siku kadhaa kabla na kuacha kunywa maji usiku wa kuamkia, na matokeo yake ni yale ambayo daktari yeyote angeyatabiri: misuli ilikaza. Seneta Strom Thurmond, ambaye rekodi yake ya saa 24 na dakika 18 ndiyo iliyovunjwa, alijikausha kwa mvuke mwaka 1957 kwa sababu hiyohiyo. Tamthilia inakosea pia inapodai kwamba kinywaji ni marufuku. Maji yanaruhusiwa, na tangu 1966, Seneta Everett Dirksen alipoomba maziwa yawe chakula chake cha mchana, maziwa nayo yanaruhusiwa. Hatari haiko kwenye kunywa. Iko kwenye kinachofuata baada ya kunywa. Na katazo la kuegemea kitu, ambalo mashabiki hulikariri, wengi walilishuhudia hasa katika Seneti ya jimbo la Texas mwaka 2013, seneta wa jimbo hilo Wendy Davis alipoandikiwa kosa kwa kusaidiwa kuvaa mkanda wa mgongo.

Haya ni makosa ya mwandishi wa tamthilia, na yanasameheka. Lisilosameheka kirahisi ni swali ambalo hakuna mhusika anayeliuliza usiku ule: kwa nini hawapigi kura ya kufunga mjadala? Tangu 1917 Seneti ina Kanuni ya 22. Maseneta 16 wanatia saini ombi, na ombi hilo linaweza kuwasilishwa hata mwingine akiwa katikati ya kuongea. Kikao kimoja kinapita, na kura inapigwa katika siku ya pili ya kikao tangu ombi liwasilishwe. Zikipatikana kura 60 kati ya 100, mjadala unabakiwa na saa 30 zisizozidi, na kila seneta ana saa 1 tu. Muswada wa Ikulu ya Bartlet ulikuwa na kura za kutosha na za ziada. Stackhouse alikuwa peke yake. Kwa hesabu hiyo alikuwa ameshashindwa kabla hajafungua kitabu cha mapishi.

Lakini hebu tufanye hesabu ya siku. Ombi liwasilishwe Ijumaa usiku. Seneti ikikaa Jumamosi, kura ni Jumapili, na saa 30 zinatupeleka usiku wa Jumatatu au karibu na hapo. Isipokaa wikiendi, Jumatatu inapita, kura ni Jumanne, na muswada unapita Jumatano jioni. Ndiyo kusema Stackhouse asingeweza kuuua muswada hata angekuwa na mapafu ya mpiga mbizi. Alichoweza ni kuwapokonya wenzake siku tatu hadi tano: safari za majimboni, mikutano ya kuchangisha fedha, na ile ndege ya Napa. Hiyo ndiyo bei aliyoiweka mezani, na ndiyo iliyoifanya Ikulu isikilize. Sehemu ile inalionyesha jambo hili vizuri kuliko inavyojua yenyewe. Wahusika kadhaa wanawaandikia wazazi wao barua pepe, wakiwa wamekwama kazini usiku wa Ijumaa. Tunadhani barua hizo ni kichekesho cha kando, kumbe ndimo lilimo jambo lote.

Kuna la pili. Stackhouse halisi wa mwaka 2001 asingesimama kabisa. Seneti huendesha karibu kila shughuli zake kwa makubaliano ya wote, na mmoja akikataa, makubaliano hayapo. Kwa hiyo seneta mwenye kinyongo humjulisha kiongozi wa chama chake kwamba hataridhia muswada fulani uletwe, na kiongozi, akihesabu zile siku nilizozihesabu hapo juu, mara nyingi anaona heri alete muswada mwingine. Mtindo huu ulikomaa miaka ya 1970, kiongozi wa wengi Mike Mansfield alipoanzisha utaratibu wa njia mbili: muswada uliozuiwa unawekwa kando, na Seneti inaendelea na kazi nyingine. Lengo lilikuwa jema, shughuli zisisimame. Matokeo yake kuzuia kukawa bure. Huhitaji miguu wala sauti, wala ukumbini huhitajiki.

Wanaodai filibasta ya kusimama irudishwe wanaanzia hapo, na katika hilo wako sahihi. Hoja yao ina nguvu mahali pawili. Kwanza, kuzuia kukiwa na gharama, watu watazuia yale wanayoyaamini tu. Pili, wananchi watamwona anayezuia na kusikia sababu zake. Januari 19, 2022 Wademokrat walilipeleka wazo hili kwenye kura kwa ajili ya muswada wa haki ya kupiga kura, likashindwa kwa 48 dhidi ya 52, Wademokrat wenzao Joe Manchin na Kyrsten Sinema wakiwa miongoni mwa waliokataa. Upande wa pili una hoja nzito vilevile: chama chenye viti 50 na kitu leo kitakuwa na 40 na kitu kesho, na ngazi ya kura 60 inazuia nchi kugeuzwa juu chini kila baada ya miaka miwili. Ukiangalia kilichotokea kwa uteuzi wa majaji, ambako kiongozi wa wengi Harry Reid, Mdemokrat, aliondoa ngazi hiyo mwaka 2013 na Mitch McConnell, Mrepublican, akaimalizia kwa Mahakama ya Juu mwaka 2017, huwezi kusema hofu hiyo ni ya bure.

Hoja dhaifu, na kwa bahati mbaya ndiyo inayorudiwa zaidi, ni kwamba mwili wenyewe utamaliza tatizo: maseneta ni wazee, wakilazimishwa kusimama kama Stackhouse watachoka, na kura itapigwa. Hii ni hesabu ya mtu mmoja. Kanuni ya 19 inampa kila seneta nafasi ya kuzungumza mara mbili juu ya jambo moja ndani ya siku moja ya kibunge, na siku hiyo haiishi kwa jua kuzama. Seneti ikipumzika bila kuahirishwa rasmi, siku inaendelea hata kwa wiki. Chukua wachache 47. Mara mbili kila mmoja, hotuba 94. Kila hotuba iwe ya saa 4 tu, ambazo mtu mzima mwenye afya anazimudu: saa 376, yaani zaidi ya siku 15 usiku na mchana bila kupumua. Kisha analetwa mmoja na pendekezo la marekebisho. Hilo ni jambo jipya, na hesabu inaanza upya. Hakuna haja ya shujaa yeyote hapo. Mnapeana zamu kama walinzi.

Na wakati wachache wanapokezana, nani anachoka? Akidi ya Seneti ni maseneta 51. Mmoja wa wachache akihoji akidi na isitimie, kazi inasimama. Kwa hiyo upande unaozuia unahitaji watu wawili ukumbini, mmoja akiongea na mwingine akiwa macho. Upande unaotaka muswada upite unahitaji watu 51 wawe karibu na ukumbi, hata saa 9 usiku, siku baada ya siku. Mwaka 1960 maseneta wa kusini, wapatao 18, walipokezana dhidi ya muswada wa haki za kiraia kwa zaidi ya saa 125, na waliolala kwenye vitanda vya kambi ndani ya jengo ni wale wa upande wa wengi. Mwaka 1988 Robert Byrd, akiwa kiongozi wa wengi, alitaka kuvunja filibasta kwa vikao vya usiku. Warepublican wakakataa kuja ili akidi isitimie, na maofisa wa Seneti wakalazimika kumbeba Seneta Bob Packwood na kumwingiza ukumbini miguu ikitangulia. Picha hiyo kichwani inachekesha, lakini muswada ule wa fedha za kampeni haukupita.

Tuseme basi filibasta ya mtu mmoja. Thurmond alisimama saa 24 na dakika 18 dhidi ya sheria ya haki za kiraia, wenzake wa kusini wakiwa wamekubaliana kutoizuia. Sheria ilipita usiku uleule alipoketi, kwa kura 60 dhidi ya 15. Seneta Ted Cruz aliongea zaidi ya saa 21 mwaka 2013, na ratiba ya kura haikusogea. Hotuba ya Booker yenyewe haikuwa filibasta kwa maana halisi, maana hakukuwa na muswada aliokuwa akiuzuia. Ilikuwa hotuba ndefu ya kupinga mwelekeo wa serikali, na kama hotuba ilifanya kazi yake. Tena kwa namna moja alimzidi Stackhouse: alisoma barua za wananchi na kueleza kwa nini yuko pale. Stackhouse alisoma kanuni za karata, na kama si mfanyakazi mmoja wa Ikulu kupekua habari za familia yake, pengine angeanguka bila mtu kujua alichokuwa akikitaka. Wanaotuambia kwamba filibasta ya kusimama humlazimisha mtu kujieleza wanaisahau nusu hiyo ya hadithi.

Kuna wanaotumia sehemu ile kudai kwamba filibasta ni ngao ya mnyonge. Kwenye runinga mnyonge ni mtoto mwenye usonji. Kwenye kumbukumbu za Seneti, waliokingwa na ngao hiyo kwa muda mrefu zaidi ni wapinzani wa sheria dhidi ya mauaji ya Waafrika Wamarekani mikononi mwa makundi. Miswada ya namna hiyo ilikwama Seneti mwaka 1922 na tena 1938, na nchi ikasubiri hadi Machi 2022 kupata sheria.

Kama miguu si dawa, tutazame mahali ambapo hatutazami: hesabu ya kura yenyewe. Kabla ya 1975, kufunga mjadala kulihitaji theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria na kupiga kura. Juni 10, 1964, siku filibasta ya sheria ya haki za kiraia ilipovunjwa kwa 71 dhidi ya 29, maseneta wote 100 walikuwepo. Clair Engle wa California, ambaye uvimbe wa ubongo ulikuwa umemnyang'anya sauti, aliletwa kwa kiti cha magurudumu akaashiria jicho lake kuwa ndiyo. Anayezuia alilazimika kuwepo, kwa sababu kila kiti kitupu kwa upande wake kilishusha idadi waliyoihitaji wapinzani wake. Mageuzi ya 1975 yalisifiwa kwa kulegeza masharti, kutoka theluthi mbili hadi tatu ya tano. Ila tatu ya tano hiyo ni ya maseneta wote walioapishwa, si ya waliohudhuria. Leo kura ikiwa 59 dhidi ya 1, waliozuia wameshinda, na 40 kati yao wanaweza kuwa wamelala nyumbani. Tumepunguza namba tukaondoa mzigo wa kuhudhuria, na sidhani kwamba biashara ile ilikuwa na faida.

Kwa hiyo anayetaka kuzuia kuwe na gharama bila kuifuta filibasta aigeuze hesabu: badala ya wengi kutafuta 60 wa kufunga, wachache walete 41 wa kuendeleza, na walete kila wanapoitwa, hata Jumamosi usiku. Wazo hili si jipya, limekuwa likizungumzwa Washington kwa miaka. Halipendwi sana runingani kwa sababu halina shujaa. Huwezi kuwapigia mababu simu waje kumwokoa mtu anayetakiwa tu kuwepo. Na lina udhaifu wake: wengi nao watatakiwa kukaa vikao vya wikiendi ili kuwaita wachache, na kiongozi wa wengi ambaye maseneta wake wanataka kwenda makwao atachoka kuita kabla wenzake hawajachoka kuja. Pia haligusi mlango wa nyuma, ule utaratibu wa bajeti uliotokana na sheria ya 1974, ambao mjadala wake una ukomo wa saa 20 na hauhitaji kura 60. Ndio uliopitisha sheria kubwa ya kodi Julai 1, 2025 kwa 51 dhidi ya 50, Makamu wa Rais JD Vance akivunja sare. Chama tawala kikiwa na mlango huo, hamu ya kutengeneza mlango wa mbele hupungua.

Turudi kwenye ule mkwamo uliomfanya Trump adai filibasta ifutwe. Serikali ilifungwa Oktoba 1, 2025, ikafunguliwa Novemba 12, siku 43. Muswada wa kuifungua ulikosa kura 60 mara 14, na katika mara hizo zote hapakuhitajika mtu wa kusimama na kitabu cha mapishi. Ulipigwa kura, ukashindwa, maseneta wakatoka. Lakini waongozaji wa ndege walikuwa wakifanya kazi bila mshahara. Novemba 7 mamlaka ya anga ikaanza kupunguza safari katika viwanja 40 vikubwa, wiki chache kabla ya sikukuu ya Thanksgiving. Jumapili ya Novemba 9, usiku, maseneta wanane wa upande wa Wademokrat walipiga kura pamoja na Warepublican, na kura 60 zikatimia. Safari hii waliokosa ndege hawakuwa C.J. na wenzake peke yao.